Pasua Utumbo Kwanza, Dawa Baadaye

Jogoo yule alipendeza macho. Mkia umepinda kama mundu, sauti ya kuamsha mtaa mzima, na siku nilipomchinja kwa ajili ya wageni wa Krismasi nilijua nimewatolea kuku bora kuliko wote wa uani kwangu. Nilipompasua, utumbo mwembamba ulikuwa umetuna na kukaza kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo. Nikauchana kwa kisu. Ikamwagika minyoo, myeupe yenye umanjano, mingine mirefu kuliko kidole changu cha kati, imesongamana kama tambi. Nilihesabu mpaka arobaini, nikaacha.

Kilichoniuma ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimewapa kuku wangu wote dawa ya minyoo. Nilinunua pakiti, nikaimwaga yote kwenye ndoo ya lita 20, nikawawekea, nikaandika tarehe ukutani kwa chaki, na moyo ukatulia. Nisingemchinja jogoo yule, ningeendelea kuamini kwamba kazi imekwisha.

Nafuga Kihonda, Morogoro, kuku wa kienyeji 32 kwa hesabu ya asubuhi hii. Tangu Krismasi ile sijatupa utumbo wa kuku bila kuufungua, na karibu kila ninachokuandikia hapa nimekianzia kwenye beseni la maji lenye utumbo ndani. Wafugaji wengi wa uani tunanunua dawa kwa kusikia, tunawapa kwa kukisia, kisha hatuangalii tena. Ndugu mfugaji, nakuomba uanze kuangalia.

Karibu kila kuku anayejitafutia chakula nje ana minyoo. Watafiti waliopasua kuku wa vijijini hapa Tanzania katika miaka ya 1990 waliikuta kwa karibu wote, tena wengi wakiwa na aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usipoteze muda kujiuliza kama wako wanayo. Jiulize ni ipi, ni mingi kiasi gani, na inaingilia wapi.

Dalili hudanganya

Kuku mwenye minyoo mingi hula lakini hanenepi. Ukimshika kifuani, mfupa wa kidari unakukata mkono kama ukingo wa sahani. Upanga wa kichwani na ndevu hupauka, manyoya hukosa mng'ao, mabawa hulegea, na mtetea aliyekuwa akitaga mfululizo huanza kuruka siku. Wanaoumia zaidi ni wadogo wenye umri kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu. Mkubwa aliyekwisha kukomaa hujenga kiasi fulani cha kinga akaendelea kuishi na minyoo yake, huku akiwamwagia wadogo mayai yake uani kila siku.

Shida ni kwamba kukonda, kupauka na kuhara ni dalili za magonjwa mengine mengi. Nimeona jirani akimpa dawa ya minyoo kuku anayehara damu, akarudia, na kuku akafa. Kuhara damu kwa kuku wadogo mara nyingi ni koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu wasioonekana kwa macho, na dawa ya minyoo haiwagusi hata kidogo. Koksidiosi ina dawa yake nyingine kabisa. Ukipoteza siku tatu ukitibu minyoo, umeshachelewa.

Kuna na hofu ya bure. Kinyesi cha kawaida cha kuku ni kigumu kiasi, kijivu au kahawia, na kimevikwa ncha nyeupe. Lakini mara moja katika kila mara nane au kumi hivi kuku hutoa kinyesi laini cha rangi ya chokoleti, kinachonata na kunuka vibaya. Hicho hutoka katika vijifuko viwili vya mwisho wa utumbo, na ni cha kawaida. Usikimbilie dukani kwa sababu yake.

Jinsi ya kuusoma utumbo

Kila nyumba inayofuga hula kuku mara mojamoja, na sokoni hauhitajiki utaalamu kumwambia mchinjaji akuachie matumbo. Kuku wakifa ghafla wengi kwa mkupuo, usiwapasue mwenyewe. Mwite mtaalamu wa mifugo, kwa sababu huenda ni mdondo au kitu kibaya zaidi. Ila kuku uliyemchinja kwa kitoweo, au yule aliyekonda ukaamua kumwondoa, huyo ni kitabu chako.

Tafuta mkasi, beseni lenye maji safi, na trei au sahani ya rangi nyeusi. Juu ya nyeupe minyoo myembamba haionekani. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glavu. Toa njia yote ya chakula kuanzia kooni hadi tundu la haja, inyooshe mezani, kisha ichane kwa mkasi taratibu kutoka juu kwenda chini. Suuza kila kipande majini. Usiharakishe.

Anzia shingoni. Kama una vifaranga wanaonyoosha shingo na kupanua midomo kama wanaotafuta hewa, chana njia ya hewa. Ukikuta viminyoo vyekundu vilivyoshikana viwiliviwili, dume na jike, vikafanya umbo la herufi Y, umepata mnyoo wa koo la hewa. Huu huwaua vifaranga kwa kuwakaba. Kuku huupata moja kwa moja kutoka kwenye udongo, au kwa kula nyungunyungu na konokono.

Kisha gole, kile kifuko cha shingoni kinachohifadhi chakula. Ngozi yake ya ndani ikiwa imevimba na kunenepa, kwangua ute wake kwa ubapa wa kisu, uukoroge ndani ya glasi ya maji, uinue kuelekea kwenye mwanga. Minyoo nywele ni myembamba kama jina lake, na wafugaji wengi hawajawahi kuiona ingawa inaweza kuwa hatari kuliko ile mikubwa. Mingine ya jamii hiyo hukaa chini zaidi, kwenye utumbo mwembamba.

Kabla ya firigisi kuna tumbo dogo lenye ukuta mnene. Vidoa vyekundu vinavyoonekana kama matone ya damu yaliyoganda ndani ya ukuta huo ni minyoo jike iliyojaa damu. Kuku wa uani huipata kwa kula panzi na mende. Firigisi yenyewe wewe huimenya kila siku jikoni, basi tupa jicho chini ya ule utando wa njano uone kama kuna minyoo.

Sasa utumbo mwembamba, mahali nilipoikuta minyoo ya jogoo wangu. Mnyoo mkubwa mviringo unaokaa hapa wataalamu huuita askaridia. Hufika sentimita 5 hadi 12. Haung'ang'anii ukuta wa utumbo, huelea katikati na kula chakula ambacho kuku amekwisha kukimeng'enya. Ikiwa mingi huziba njia kabisa. Wakati mwingine mmoja hupotea njia ukapanda kwenye mrija wa mayai, ukafungiwa ndani ya yai, na mnunuzi akakutana nao kwenye kikaango. Haumdhuru mtu, kwa sababu mnyoo huu hauishi ndani ya binadamu, lakini mteja huyo hutamwona tena.

Maisha ya mnyoo huu yashike vizuri, kwa sababu dawa na usafi wote hutegemea hapo. Jike hutaga mayai maelfu kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Yai likitoka tu halimwambukizi kuku mwingine. Linahitaji joto, unyevu na hewa kwa kiasi cha wiki mbili hivi ndipo kiluwiluwi kikue ndani yake. Baada ya hapo kuku anayelidonoa, pamoja na punje ya mahindi au jani lililodondoka kwenye tope, ameambukizwa. Kiluwiluwi huingia kwenye ukuta wa utumbo kikajificha humo kwa muda, kisha hurudi katikati na kukua. Kuanzia kudonoa hadi mnyoo mpya kuanza kutaga ni wiki 5 hadi 8. Na yai lililobaki ardhini, penye kivuli na unyevu, huweza kungoja miezi mingi, hata zaidi ya mwaka.

Humohumo utakuta tegu. Tegu ni bapa, nyeupe, imegawanyika vipande vipande kama utepe wenye pindo, na kichwa chake kimejichimbia ukutani. Ukiona vipande vyeupe kama punje za wali juu ya kinyesi kibichi, tena vingine vinacheza, huhitaji kupasua kuku kujua. Tegu za aina moja huacha vinundu vigumu kwenye ukuta wa utumbo, na mtu asiyejua huogopa akidhani ni kifua kikuu cha kuku. Kuku hapati tegu kwa kula mayai yake ardhini. Lazima ale mdudu aliyeyala kwanza: sisimizi, mbawakawa, nzi, au konokono, kila tegu na mdudu wake.

Mwisho kabisa kuna vile vijifuko viwili virefu, mahali pa kile kinyesi cha chokoleti. Vichane mpaka ncha. Minyoo midogo myeupe ya sentimita moja hadi moja na nusu, inayojinyonganyonga majini, ni heterakisi. Kuku huistahimili bila shida kubwa. Lakini mayai yake hubeba kijidudu kingine kinachoshambulia ini, na kijidudu hicho huwafyeka bata mzinga. Kwa sababu hiyo usiwafuge bata mzinga pamoja na kuku, wala mahali ambapo kuku walikuwa wakikaa mwaka jana.

Ukikuta minyoo miwili mitatu kwa kuku mkubwa mwenye afya, andika kwenye daftari uendelee na maisha. Ukikuta mingi, au kuku aliyekonda akawa na hata kiasi cha wastani, hapo kundi zima linahitaji tiba.

Kama hutaki kungoja siku ya kitoweo, peleka kinyesi maabara. Okota asubuhi kinyesi kibichi cha kuku kama kumi, kidogo kidogo kwa kila mmoja, weka kwenye kichupa safi chenye kifuniko, kisikae juani, kifike siku hiyohiyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una vituo katika kanda mbalimbali za nchi, na sisi wa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza palipo karibu. Waambie wakuhesabie mayai ya minyoo, na wakutafutie koksidiosi hapohapo.

Dawa: soma kiungo, pima uzito

Niliporudi kwenye duka la dawa za mifugo baada ya Krismasi ile, nilimwonyesha kijana wa kaunta pakiti ileile.

"Mwanangu, hii inaua minyoo gani?"

"Yote, mama."

Nikavaa miwani nikasoma mgongoni mwa pakiti. Kiungo kilikuwa paiperazini peke yake. Paiperazini huilegeza askaridia iliyokomaa ikatoka na kinyesi, na kazi hiyo huifanya vizuri kwa bei nafuu. Tegu haiziwezi. Minyoo nywele haiiwezi. Kijana hakunidanganya kwa kusudi. Jina kubwa mbele ya pakiti linasema dawa ya minyoo, naye aliamini.

Basi soma kiungo kabla ya jina la biashara. Levamisoli hushughulikia minyoo mviringo ya aina nyingi, lakini ukizidisha ni kali kwa kuku, na ina uchungu unaowafanya wayakimbie maji. Albendazoli na fenbendazoli ni ndugu wa ukoo mmoja. Huua minyoo mviringo mingi, na tegu baadhi kwa kipimo kinachofaa. Usiwape fenbendazoli kuku wanaoota manyoya mapya, kwa sababu manyoya hutoka yamepinda. Kwa tegu hasa, dawa yenyewe ni prazikwanteli. Ukibadilisha pakiti nyekundu kwa ya kijani ilhali kiungo ni kilekile, hujabadilisha dawa.

Sasa kosa langu la ndoo. Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa kuku, na mimi sikuwa nimempima hata mmoja. Leo natumia mizani ya ndoano: nawaweka kuku watatu watatu kwenye kiroba chenye matundu, nasoma, nagawanya. Mfano wa uani kwangu ni mitetea 12 ya kilo 1.4 kila mmoja, ambayo ni kilo 16.8, majogoo 3 ya kilo 2, yaani kilo 6, na wanaokua 10 wenye gramu 600 kila mmoja, yaani kilo 6 tena. Jumla kilo 28.8. Vifaranga saba waliobaki bado wadogo, siwahesabu. Tuseme lebo inaagiza gramu 1 ya unga kwa kila kilo 5 za uzito. Nagawanya 28.8 kwa 5, napata 5.76, najaza hadi gramu 6. Namba za lebo yako zitakuwa tofauti, hesabu ni hiyohiyo. Kupunguza dozi ili pakiti itoshe ni hasara mara mbili: minyoo dhaifu hufa, ile inayoistahimili dawa hubaki na kuzaa.

Baada ya dawa, maji. Ndoo ya lita 20 kwa kuku 25 ni upuuzi niliolipia. Hawawezi kunywa hata robo yake kwa siku, na jioni nilimwaga sehemu kubwa ya dawa shimoni. Fanya hivi: siku mbili kabla ya dawa, waondolee maji usiku, asubuhi wawekee maji yaliyopimwa uone wanakunywa kiasi gani kwa saa tatu. Kwangu ni kama lita moja na nusu. Kesho yake ondoa maji usiku tena, na asubuhi changanya dozi nzima ndani ya kiasi hicho tu. Usifanye hivi wakati wa joto kali la mchana. Kuku wenye kiu juani hufa. Na zungukia uani ufunike kila kitu: beseni chini ya bomba, dimbwi la kuoshea vyombo, mfereji wa bafuni. Kuku akipata maji matamu pengine hatakunywa machungu yako. Wakimaliza, wape maji safi mara moja.

Mgonjwa aliyejikunyata pembeni hatakunywa. Yeye mshike, mpe dozi yake kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Nyuma ya ulimi kuna tundu la hewa. Ukimmiminia kwa nguvu dawa itaingia mapafuni.

Vidonge vya albendazoli vya binadamu najua mnavitumia, mnakata kidonge vipande kwa kisu cha jikoni. Jicho haligawi dawa sawasawa. Mmoja anapata nyingi, mwingine hana kitu. Kama hicho ndicho ulicho nacho, kipeleke kwa afisa mifugo akupigie hesabu ya kusaga na kugawa kwa uzito.

Siku mbili baada ya dawa kuku wasitoke bandani. Minyoo inayotoka, hata iliyokufa, ina mayai tumboni, na kuku wataidonoa kwa furaha wakidhani ni chakula. Fagia asubuhi na jioni, choma ulichokusanya au kizike kwa kina. Kisha rudia dawa baada ya wiki mbili hadi tatu. Hapa ndipo mwezi wangu mmoja ulipopotelea: hata kama dozi yangu ingekuwa kamili, viluwiluwi vilivyojificha kwenye ukuta wa utumbo vingeponyoka, vikatoka, vikakua. Dozi ya pili huvikuta hivyo.

Mayai na nyama, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Kama lebo haisemi kitu kuhusu kuku wa mayai, usimuuzie mtu yai lile mpaka uulize. Mtoto wa jirani anakula hilo yai.

Kuhusu mitishamba. Mbegu na utomvu wa papai vimechunguzwa na vina uwezo fulani dhidi ya askaridia, na mbegu za papai haziwadhuru kuku, wape. Shubiri na mwarobaini wengi wanavipenda, lakini utumbo nilioufungua kwa kuku walionyweshwa mwarobaini miezi miwili mfululizo ulikuwa na askaridia kama kawaida. Tumbaku iache kabisa. Nikotini kweli huua minyoo, ila kipimo kinachoua mnyoo na kinachoua kuku vimekaribiana mno.

Ardhi

Dawa humsafisha kuku leo. Kesho anashuka uani kudonoa mayai yaleyale ya minyoo yaliyomsubiri. Mwaka mzima unaweza kununua dawa kwa namna hiyo.

Ujue yanakaa wapi. Si uani pote sawa. Yamejaa chini ya fito wanazolalia, kuzunguka chombo cha maji kinachovuja, mlangoni mwa banda, na chini ya mti wa kivuli wanapopumzika mchana. Tope, kivuli na kinyesi vikikutana, hapo ndipo. Dawa nyingi za kuulia vijidudu unazomwaga sakafuni hazilipenyi ganda la yai la mnyoo. Jua kali na ukavu hulipenya. Joto hulipenya.

Kwa hiyo kiangazi ndicho rafiki yako. Mimi Agosti huparua udongo wa juu wa bandani, kina cha vidole vinne, nauondoa na kuupeleka kwenye shimo la mboji, narudishia mchanga mkavu. Fito za kulalia nazitoa nje, nazimwagia maji yanayochemka, zinalala juani siku tatu. Matawi ya mwembe yaliyofunika banda nimeyapunguza ili jua la asubuhi liingie mpaka ukutani. Chombo cha maji nimekiweka juu ya tofali mbili, na chini yake nimemwaga kokoto, maji yanayodondoka yazame wasiyakoroge kuwa tope. Maranda nayabadilisha yakianza kushikana mkononi. Mwenye uwezo ajenge kichanja cha mabanzi yenye nafasi, kinyesi kidondoke chini mahali kuku hawafiki. Hakuna dawa inayoshinda banda la namna hiyo.

Acha kuwamwagia mahindi chini. Najua inapendeza kuona wanavyokimbilia, mama zetu walifanya hivyo, lakini kila punje hapo inaokotwa pamoja na udongo wake. Kihori cha mbao au bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, likainuliwa usawa wa mgongo wa kuku, linatosha.

Kama eneo linaruhusu, ligawe kwa wavu mara mbili. Upande mmoja kuku, upande wa pili mchicha na matembele kwa msimu mzima, kisha wabadilishane. Mboga zinapata mbolea, ardhi inapata jua na jembe.

Samadi ya kuku usiimwage mbichi bustanini kama kuku wanafika huko. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike. Rundo la kimo cha kiuno huchemka kwa ndani mpaka mkono haustahimili, na joto hilo huua mayai ya minyoo. Lipindue, sehemu ya nje iingie ndani, mara mbili au tatu katika miezi mitatu.

Tegu, kama nilivyosema, hupitia wadudu, na huwezi kumzuia kuku wa uani asile wadudu. Hao ndio protini yake. Kinachowezekana ni kupunguza nzi na mende karibu na banda: mabaki ya chakula yasilale, kinyesi kisirundikane, magogo na mawe yenye unyevu yahamishwe. Usipoweza kuzimaliza tegu, usijilaumu. Zipunguze.

Wadogo walelewe mbali na wakubwa. Hili ningelijua mapema ningeokoa vifaranga wengi. Yule mama anayewatembeza uani anawafundisha kudonoa mahali palepale alipoachia kinyesi chake. Tenga la kulelea, au banda dogo lililowekwa mahali ambapo kuku wakubwa hawajawahi kukaa, kwa miezi miwili ya kwanza, hupunguza vifo kuliko pakiti yoyote. Wape dagaa waliosagwa, mashudu, majani mabichi ya mchicha. Kuku aliyekosa protini na vitamini A minyoo humlemea upesi, na hicho nimekiona kwenye beseni langu: walioshiba wana michache, waliodhoofu wana rundo.

Kuku mgeni kutoka mnadani asichanganywe siku hiyohiyo. Mfungie peke yake wiki tatu, mpe dawa siku ya kwanza, mrudie kabla hajatoka. Wiki hizo zitakuonyesha na magonjwa mengine aliyokuja nayo.

Kuhusu ratiba, mimi huwapa wadogo dozi ya kwanza wakifika wiki saba, na kundi zima kabla ya masika, baada ya masika, na kabla ya vuli. Unyevu wa mvua ndio unaokuza mayai ya minyoo ardhini, basi kuku waingie msimu huo wakiwa safi. Ratiba hiyo naibadilisha nikiona utumbo unasema vingine.

Na ipange pamoja na chanjo ya mdondo. Ile ya tone jichoni, I-2, inayotengenezwa na TVLA kule Kibaha, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Majaribio yameonyesha kwamba kuku mwenye askaridia hujenga kinga dhaifu baada ya kuchanjwa. Watibu minyoo wiki mbili kabla ya siku ya chanjo. Mdondo ukiingia mtaani huzoa banda zima kwa wiki moja, na minyoo ndiyo itakuwa imeufungulia mlango.

Jogoo niliyemchinja Pasaka iliyopita, mtoto wa yule wa Krismasi, alikuwa na askaridia tatu na tegu moja fupi. Nimeandika kwenye daftari. Ukichinja kuku wiki hii, tafadhali uombe utumbo kabla haujarushiwa mbwa. Mkasi, beseni la maji na dakika kumi vinatosha.